Daraja la Mida na kibanda chake: unalipia nini hasa ukimfuata mla-kaa

Hukumu kwanza. Kwa mtu anayetaka kumwona mla-kaa (Dromas ardeola), ndege wa matopeni, na kumtambua bila shaka, daraja la mbao la Mida Creek, kusini kidogo ya Gede katika Kaunti ya Kilifi, ndipo mahali pa kuanzia katika pwani ya Kenya. Lakini thamani ya ada unayolipa mlangoni inakaa ndani ya saa mbili au tatu za siku, na si kila siku. Ukifika nje ya saa hizo utatembezwa mikokoni vizuri, utaonyeshwa kaa na mizizi, na ndege watakuwa nukta nyeusi mbali huko kwenye matope. Ndiyo maana humu tunapima huduma na maji kwa pamoja. Pale Mida havitenganishiki.

Daraja lilijengwa chini ya mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya mwaka 2001, ambao hutumia mapato ya wageni kusaidia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na hori la Mida (ndiyo Mida Creek yenyewe, mkono wa bahari) na msitu wa Arabuko-Sokoke. Unachopata ni njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa nyaya, urefu wa mita 260 hivi, inayopenya katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, pale miti inapokoma na matope ya wazi yanapoanza. Unaweza pia kuchukua mwongozaji wa kijijini. Ni huduma ndogo, na hatudhani inahitaji kuwa kubwa zaidi.

Kufika ni rahisi. Ukitokea Mombasa kwa matatu ya Malindi, unashuka Mida kabla ya kufika Gede. Ukitokea Watamu, chukua tuktuk au bodaboda kupitia njia panda ya Gede. Kutoka barabara kuu hadi maji si mbali.

Sasa maji. Kosa la wageni wengi ni kupanga safari kwa saa ya hoteli: wanaamka alfajiri, kwa sababu kila mtu amesikia kwamba ndege hutazamwa asubuhi. Msituni ni kweli. Matopeni ndege hafuati jua, anafuata maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa, wala-kaa husambaa eneo lote la hori, ambalo lina kilomita za mraba 32 hivi, na wengi huwa ukingoni mwa mkondo, mbali kabisa na kibanda. Maji yakijaa, wanasukumwa hatua kwa hatua kuelekea nchi kavu mpaka wabaki kwenye vipande vya mwisho vya mchanga na matope. Hapo ndipo kibanda kinafanya kazi yake. Halafu maji yakifunika kila kitu, wanaruka kwa makundi kwenda mahali pao pa kupumzikia, na kibanda kinabaki kutazama maji matupu.

Kwa hiyo dirisha lako ni kuanzia saa tatu kabla ya maji kujaa kabisa hadi kama saa moja kabla. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja: huanza polepole, hukaza mwendo katikati, yaani saa ya tatu na ya nne, kisha hulegea tena. Ukichelewa nusu saa katikati ya mwendo huo, matope uliyotegemea kuyakuta yameshafunikwa.

Chagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yaani siku mbili tatu kuzunguka mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Katika jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, tafuta siku ambayo maji kujaa yanafika mita 3.3 au zaidi. Siku za maji mafu, maji hayapandi vya kutosha kuwasukuma ndege. Wanaendelea kula mahali palepale walipo na wewe unabaki kuwatazama kwa mbali mchana kutwa. Tena bamvua ya pwani yetu ina bahati yake: maji hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Kibanda kiko upande wa magharibi wa hori na kinatazama mashariki. Asubuhi jua linakupiga usoni na ndege wote ni vivuli. Alasiri jua liko mgongoni mwako na kila unyoya unaonekana. Maji mazuri na mwanga mzuri vinakutana saa ileile. Jedwali likisema maji yatajaa saa 10:30 jioni, uwe umeketi kibandani saa 7:30 mchana, na ukumbuke kwamba ndani ya hori maji huchelewa kuliko bahari ya nje, kwa kuwa yanaingia kupitia mlango mmoja mwembamba. Kuchelewa huko ni faida yako. Usiondoke kwa kuangalia saa, ondoka maji yakikuonyesha kwamba yamemaliza.

Msimu nao una uzito. Wala-kaa hawatagi Mida. Wanataga kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, Oman na Ghuba ya Uajemi, takriban Aprili hadi Agosti, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya wapenda-matope anayetaga hivyo. Joto la mchanga husaidia kulipasha yai, na kwa kawaida yai ni moja tu, jeupe. Kuanzia Agosti wanaanza kuteremka kwetu, na kati ya Oktoba na Machi, wakati wa kaskazi, ndipo wanapokuwa wengi. Wachache, hasa wachanga, hubaki mwaka mzima. Ukienda Juni unaweza kumpata, ila usimlaumu mwongozaji ukikosa.

Tumtazame ndege mwenyewe. Ana urefu wa sentimita 40 hivi, mwili wa kadiri ya sululu mdogo, ndege wa matopeni mwenye mdomo uliopinda chini, lakini umbo lake ni la peke yake, na wataalamu wamempa familia yake asiyoichangia na ndege mwingine yeyote. Kichwa ni kikubwa, cheupe, na jicho jeusi lenye doa jeusi mbele yake. Mdomo ndio hati yake ya utambulisho: mweusi wote, mnene, mzito kwenye shina na wenye ncha kali, mdomo wa buabua mkubwa (ndege wa baharini wa jamii ya shakwe) uliopachikwa kwenye mwili wa ndege wa matopeni. Mgongo wa mkubwa una bamba jeusi linaloonekana wazi kati ya mabega meupe. Miguu ni mirefu, ya kijivu cha buluu, na ina utando kiasi kati ya vidole. Akiruka, manyoya makubwa ya bawa ni meusi, mwili ni mweupe, na miguu inajitokeza nyuma ya mkia. Kundi hupenda kuruka chini juu ya maji kwa mstari.

Kabla hata ya rangi, tazama mwendo. Mla-kaa hukimbia hatua kadhaa, husimama ghafla, huinamisha kichwa, hungoja, kisha hudunga. Kaa mdogo humezwa mzima. Kaa mkubwa hutikiswa na kupigwapigwa mpaka magando na miguu vidondoke, halafu kiwiliwili ndicho humezwa. Ukiwa na teleskopu utaona miguu ya kaa imebaki kwenye matope alipokuwa amesimama. Kwa mbali, wakati joto linachezesha picha na rangi hazina maana tena, mwendo huu wa kukimbia na kusimama pamoja na kichwa kizito vinatosha kumtoa kati ya ndege mia.

Wachanga ndio wanaochanganya watu. Mgongo wao si mweusi, ni wa kijivu, na utosi una michirizi. Mtu aliyesoma kwamba mla-kaa ni ndege mweusi na mweupe huwaona hawa akadhani ni shakwe fulani. Kinachosaidia ni kwamba ndege mchanga huja huku na wazazi wake na huendelea kulishwa miezi kadhaa baada ya safari. Ukiona ndege wa kijivu ameinama mbele ya ndege mweusi-na-mweupe, anapiga kelele za kuomba, umempata. Huwezi kuliona jambo hili kwa urahisi kwa ndege wengine wa matopeni, maana watoto wa wengi wao hujilisha wenyewe tangu siku za mwanzo.

Wanaofananishwa naye si wengi. Msese mwenye mdomo uliopinda juu (Recurvirostra avosetta) ana mdomo mwembamba. Yule mwenye miguu mirefu ya waridi (Himantopus himantopus) ana mdomo wa sindano na miguu inayozidi mwili. Yangeyange akiwa amejikunyata kwa mbali huonekana mweupe wote, ila hana bamba la mgongoni. Anayechanganya watu kuliko wote ni shakwe wa Hemprich (Ichthyaetus hemprichii) akiwa amesimama kwa kukupa ubavu: huyu ni wa kahawia, miguu mifupi, na mdomo wake mrefu ni wa kijani-manjano wenye pete nyeusi na ncha nyekundu. Kwenye mwanga wa alasiri hakuna wa kukosea. Kwenye mwanga wa asubuhi, hata wazoefu hukosea.

Kibanda hicho hicho kinafaa kwa buabua, na hapa ndipo tunapoona kwamba huduma inaweza kutoa zaidi ya inavyotangaza. Wageni huonyeshwa mla-kaa, wakapiga picha, wakaondoka. Kumbe kwenye mchanga wa mwisho kabla maji hayajaufunika, buabua husimama wamechanganyika, na ndiyo nafasi bora ya kuwalinganisha. Anza na mdomo. Rangi ya chungwa, mwili wa wastani: Thalasseus bengalensis. Manjano yenye kijani kidogo, mwili mkubwa zaidi na mgongo wa kijivu kilichokolea: Thalasseus bergii. Mwekundu, mnene, ndege karibu kadiri ya shakwe: Hydroprogne caspia. Mweusi mnene, miguu mirefu kwa buabua: Gelochelidon nilotica. Wale wadogo kabisa, Sternula saundersi na Sternula albifrons, nje ya msimu wa kutaga hufanana mno; mtu mwaminifu huandika majina yote mawili kwa alama ya mkwaju (/) katikati, na hakuna aibu ndani yake.

Usiamini ukubwa wa ndege aliye peke yake. Ukubwa hulinganishwa na jirani: buabua aliye kando ya sululu, au mla-kaa kando ya yangeyange. Picha ya ndege mmoja katikati ya matope matupu imeshawapotosha watu wengi kuliko mwanga mbaya.

Vifaa. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, kioo cha mbele cha milimita 42) ndiyo tunayoipendekeza kuliko 10x42 kwa daraja hili, na sababu ni daraja lenyewe. Limening'inizwa, linatikisika; kila anayetembea nyuma yako anakutikisa mkono, na kila ongezeko la ukuzaji huongeza mtikiso. Isitoshe 8x42 huonyesha eneo pana zaidi, jambo linalofaa kundi linaporuka ghafla. Lakini darubini peke yake haitoshi kwa hori la upana huu. Teleskopu ya kioo cha milimita 65 hadi 80 ndiyo inayotofautisha kumwona ndege na kumtambua. Itumie kati ya 20x na 30x. Wengi hukimbilia 60x, na hapo mambo mawili huharibika kwa pamoja: picha huwa na giza, kwa sababu duara la mwanga linaloingia jichoni kwenye teleskopu ya milimita 80 hushuka kutoka milimita 4 kwa 20x hadi milimita 1.3 kwa 60x. Na joto linalopanda kutoka matopeni huchezesha picha mpaka mdomo mnene unaonekana mwembamba. Hakuna bei ya kioo inayotibu joto la hewa. Dawa ni kungoja ndege wasogee, au wingu lipite.

Stendi ya miguu mitatu iweke ndani ya kibanda, ifunguliwe fupi, utazame ukiwa umeketi, na waombe wenzako wasitembee unapotazama. Miguu yote mitatu ikae kwenye mbao zisizokanyagwa na watu wengine. Kundi la watu wanne ni zuri. Likizidi hapo, nusu yao hungoja zamu wakati maji yanapanda, na maji hayangoji. Kwa picha, simu iliyowekwa kwenye kioo cha teleskopu kwa kishikio hutoa picha ya kutambulisha kwa umbali wa mita 150, mradi ukuzaji uwe mdogo na upige video fupi kisha uchague fremu. Ukirudi, futa vifaa kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi kabla ya kukausha. Chumvi ya mikokoni hula skrubu kimyakimya, na ukiifuta kavu inakwangua kioo.

Kuhusu waongozaji: hawalingani, na tofauti yao ni kubwa kuliko tofauti ya ada. Karibu wote wanaijua mikoko, watakuonyesha mkoko wenyewe kwa mizizi yake ya nguzo, mchu kwa mizizi inayochomoza wima kutoka matopeni, mkandaa na mlilana, na watakuambia upi ulijenga nyumba na upi ulijenga jahazi. Kwa ndege, uliza maswali mawili kabla hamjaanza. La kwanza: leo maji yanajaa saa ngapi humu ndani ya hori? Anayejibu papo hapo, akaongeza kwamba mngoje kidogo au mharakishe, huyo ni mtu wa kazi. La pili: wala-kaa wachanga wanatofautianaje na wakubwa? Jibu lolote lenye neno kijivu linatosha. Uliza pia kama teleskopu ipo na kama imejumuishwa katika malipo, maana usiitegemee mpaka umeiona. Mwambie wazi kwamba unataka kuketi kibandani saa mbili nzima na si kutembezwa. Bila kumwambia, atakufupishia kwa nia njema, akidhani umechoka.

Na mwongozaji mzuri analipwa kwa jambo moja ambalo programu ya simu hailiwezi: anajua ndege walilala wapi jana. Kundi likiruka kabla halijafika kibandani, yeye anajua mchanga upi umebaki juu ya maji na kama mnaweza kuufikia bila kuwasumbua.

Kutembea matopeni ni jambo jingine, na hatulipendekezi bila mwenyeji. Kuna mahali matope hukubeba na mahali hukuzamisha hadi goti, na kwa macho yanafanana. Chaza walioganda kwenye mizizi na mawe hukata mguu vibaya. Vaa raba nzee zinazofungwa kwa kamba, si kandambili na si buti refu la mpira, ambalo likishashikwa na matope hubaki humo. Mkitembea, kaeni umbali wa mita 150 au zaidi kutoka kwa kundi. Dalili ya kwanza ya usumbufu ni vichwa kuinuka vyote kwa pamoja. Ya pili ni kuanza kutembea kukupa mgongo. Rudi nyuma kwenye dalili ya kwanza. Ndege aliyerushwa wakati maji yanajaa anapoteza saa yake ya mwisho ya kula mpaka maji yapwe tena, na mla-kaa mwenye mtoto wa kulisha anapoteza mara mbili. Hili ndilo linalofanya kibanda kistahili kila shilingi: unawaona kwa karibu bila wao kulipia gharama yako.

Kasoro zipo. Mbao na nyaya zinazokaa juu ya maji ya chumvi zinahitaji kukarabatiwa kila wakati, kwa hiyo ulizia hali ya daraja siku hiyohiyo kabla hujabeba mzee au mtoto mdogo. Mtikiso wake huwatisha baadhi ya watu hata likiwa zima. Halimfai mtu wa kiti cha magurudumu. Kivuli kipo kibandani tu, kwa hiyo beba maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtu, na kofia. Tungependa sana kuona kibandani ubao mmoja wa michoro ya midomo ya buabua na saa za maji za wiki. Gharama yake ni ndogo na ungepandisha thamani ya ziara nzima, hasa kwa wanafunzi wa shule za jirani.

Baada ya hapo, njaa ikikushika, kundi la uhifadhi la Dabaso lina mkahawa wake wa Crab Shack, umejengwa juu ya nguzo upande wao wa hori, na sambusa za kaa za pale ni tamu kweli. Ndege wa kutambua si wengi kama kwenye kibanda, ila machweo ni mazuri.

Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, ni bora kuliko Mida kwa shakwe na makundi makubwa ya buabua, na kati ya Agosti na Septemba hupita pale Glareola ocularis kutoka Madagaska. Lakini Sabaki huna kibanda, upepo ni mkali, na mwendo wa mchangani ni mrefu. Anayeanza aanze Mida. Wasomaji wa Tanzania wana wala-kaa wao kwenye matope ya delta ya Rufiji, Mafia na pwani ya Tanga, na huko kanuni ya maji ni ileile. Walioko Oman wana Barr Al Hikman, ambako ndege hawa hukusanyika kwa maelfu.

Siku moja matopeni hapo atasimama ndege wa baharini usiyemtarajia, aliyeletwa na upepo. Usianze kwa kutafuta jina. Piga picha kwanza, hata mbaya, kwa mpangilio huu: mwili mzima pamoja na ndege mwingine wa kulinganisha, kisha kichwa na mdomo, kisha miguu, kisha bawa lililofunguka anaporuka au kujinyoosha. Picha ya bawa ndiyo inayokosekana karibu kila mara, na ndiyo inayoamua kwa shakwe na buabua. Andika saa, hali ya maji, upande wa jua na rangi ya miguu kabla hujafungua kitabu, maana ukishasoma kitabu macho yako yataanza kuona kilichoandikwa. Akiwa na pete mguuni, andika rangi zake kutoka juu kwenda chini, mguu wa kulia na wa kushoto mbalimbali. Kisha mpe mwongozaji nakala na uiweke kumbukumbu kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, siku hiyohiyo, ukitaja kibanda cha Mida na si Watamu kwa jumla, ili atakayekuja kesho kumtafuta ajue asimame wapi. Kama ni ndege adimu kwa Kenya, kumbukumbu hupelekwa kwenye kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki, na watakachouliza kwanza ni ile picha ya bawa.